HZJ78 yangu au GDJ78 mpya? Mkonga wa zamani na wa sasa kwa kazi ya safari

Mkonga wangu ni Toyota Land Cruiser, HZJ78 ya mwaka 2004. Niko nao mwaka wa 14 sasa. Umebeba wageni wa nchi nisizozijua kwenye ramani, umempeleka mama yangu Moshi usiku wa mvua alipozidiwa, na pesa iliyojenga nyumba ninayolala imetoka kwenye magurudumu yake. Mwaka huu silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, imefunguliwa kwa mara ya pili, na kutu imeonekana kwenye chesisi, pale springi za nyuma zinaposhikwa. Mke wangu, ambaye ndiye anayeshika daftari la mapato, ameuliza swali nililokuwa nikilikwepa: tunalifufua hili, au tunachukua jipya?

Kabla sijamjibu nilimwomba rafiki yangu gari lake jipya, GDJ78 ya injini ya 2.8 yenye gia otomatiki, nikakaa nalo siku tisa. Njia ilikuwa ileile ninayopita na langu: Arusha, Karatu, Ngorongoro, Ndutu, Seronera katikati ya Serengeti, na kurudi. Langu limerefushwa kwa kazi ya utalii, lake bado halijaguswa, kwa hiyo uzito haukuwa sawa. Nitalikumbusha hilo pale litakapobadilisha hesabu.

Kwa msomaji ambaye hayuko Tanzania: mkonga ndilo jina letu la Land Cruiser za familia ya 70, kwa sababu ya lile bomba la kuvutia hewa linalopanda pembeni ya kioo cha mbele.

Kwanza, yaliyo sawa

Familia ya 70 ilitoka mwaka 1984. Tangu hapo imebadilishwa mara chache kuliko gari lolote ninalolijua, na ukitaka kujua unachonunua, soma herufi. HZ maana yake injini ya 1HZ, J ni Land Cruiser, 78 ni bodi ndefu yenye milango ya nyuma inayofunguka kama kabati. HZJ75 ndiyo iliyotangulia, yenye springi za mabamba mbele na nyuma. Mwaka 1999 mbele pakawekwa springi za koili, ikawa HZJ78, na yeyote aliyepita kwenye rasta, yale matuta madogo ya barabara ya vumbi, za kwenda lango la Naabi la Serengeti na magari yote mawili anaelewa mgongo wake ulishukuru kiasi gani. GDJ ni gari la familia hiyohiyo lenye injini ya 1GD ya lita 2.8, lililoonyeshwa mwaka 2023 likiwa na taa za mviringo zinazofanana na za zamani.

Nililala chini ya lile jipya kwa nusu saa nikiwa na tochi. Chesisi ni ya ngazi vilevile, eksili ni za kipande kimoja mbele na nyuma vilevile, mabamba ya nyuma ni yaleyale. Matangi ya dizeli ni mawili ya lita 90 kila moja, kama langu. Tofauti niliyoiona chini ni moja: upana wa mbele umezidi wa nyuma kwa karibu sentimita 10. Urithi huo umetoka kwenye toleo la 2007, walipopanua pua ili V8 ya lita 4.5 iingie. Kwenye lami huoni kitu. Kwenye tope zito la Ndutu magurudumu ya nyuma hayafuati mfereji uliochongwa na ya mbele, yanachonga wa kwao, na gari linakuwa zito zaidi kulitoa.

Kwa hiyo atakayekwambia gari jipya ni laini na haliwezi pori, usimsikilize. Miguu ni ileile. Kilichobadilika ni pumzi na ubongo, na uamuzi wako wote unakaa hapo.

Pumzi

1HZ ina silinda sita, lita 4.2, na haina tabo. Inatoa nguvu farasi 130 hivi na mvuto wa Nm 285. 1GD ina silinda nne, lita 2.8, ina tabo, na inatoa nguvu farasi 204 na mvuto wa Nm 500 ikiwa na gia otomatiki. Namba hizo peke yake zinatosha kumshawishi mtu wa Dar es Salaam. Kwetu sisi wa kanda ya kaskazini kuna jambo jingine ambalo karatasi ya muuzaji hailisemi, nalo ni mwinuko.

Injini isiyo na tabo inavuta hewa iliyopo tu. Mto wa Mbu uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko karibu mita 2,300, na huko hewa imepungua kwa karibu moja ya tano kulinganisha na pwani. Injini yangu nayo inapungua kwa kiasi kama hicho. Wale farasi 130 wa Tanga wanabaki kama 105 juu ya lango la Loduare la Ngorongoro, tena gari likiwa na wageni sita, mahema, maji na tairi mbili za akiba. Ndiyo maana mikonga ya zamani inapanda ile milima kwa gia ya pili ikitoa moshi mweusi: dizeli inaingia kwa kipimo kilekile, hewa ya kuichoma haitoshi. Dereva asiyelijua hilo anakanyaga zaidi, moshi unaongezeka, joto linapanda, na hedi inapasuka. Hedi yangu ya kwanza ilikufa hivyo, na aliyekuwa amekanyaga ni mimi.

Tabo inaisukuma hewa ndani, kwa hiyo mwinuko hauisumbui sana. Gari la rafiki yangu lilipanda kutoka langoni hadi ukingoni bila kuhema. Nilikuwa nimezoea kuzima redio sehemu ile ili nisikilize injini. Siku hiyo mgeni aliendelea kunisimulia habari za binti yake na sikupoteza hata neno.

Jambo lililonigusa zaidi, hata hivyo, lilitokea kwenye lami. Kati ya Arusha na Makuyuni kuna malori, na kulipita lori kwa 1HZ iliyojaa ni kazi ya kupanga tangu mbali: unahesabu, unasubiri, unaingia, na unapokuwa katikati yake unaona basi linakuja. Nimeifanya kwa miaka 14 na kila mara tumbo linakaza. Kwa 2.8 unapita na kurudi upande wako lori likiwa bado linatafuta gia. Gari hilo pia lina mfumo wa kulizuia lisiyumbe na kuserereka, breki zisizofunga tairi, na taa zinazomulika usiku kweli. Langu halina hata kimoja kati ya hivyo. Tunapenda kulipima gari la pori kwa tope na mito, lakini abiria wetu wako hatarini zaidi kwenye zile kilomita 140 za lami ya kwenda Karatu. Katika hili jipya linashinda, na sina neno la kulitetea langu.

Kuna mtu atasema: funga tabo kwenye 1HZ. Inawezekana, na wako waliofunga. Lakini injini ile haikuundwa kwa joto hilo. Dizeli yake inaanza kuwakia kwenye vyumba vidogo ndani ya hedi, na hapohapo ndipo nyufa zinapoanzia ukiongeza msukumo bila kupima joto la moshi. Ukifunga, funga na kipimo cha joto hilo, na umkabidhi dereva anayekitazama.

Kuteremka nako kuna la kusema, ila ni fupi. Njia ya Seneto ya kushukia kreta, gari langu kwenye gia ya kwanza ya lo, zile gia za nguvu za mwendo wa taratibu, linatembea lenyewe kama ng'ombe anayejua zizi. Injini kubwa inalishika na breki hazipati moto. Lile jipya lina kitufe cha kushusha gari mteremkoni, na linafanya kazi hiyo kwa kubana breki lenyewe. Linashuka salama. Mimi niliona raha zaidi na langu.

Dizeli na vumbi

Hapa ndipo palipo na utajiri wa swali hili, na ndipo ningependa kila mwenye kampuni ndogo asome polepole.

Nozeli za 1HZ zinafunguka kwa msukumo wa takriban bar 150. Mfumo wa 1GD, ule wa bomba moja linalohifadhi dizeli yenye mgandamizo na kuigawa kwa nozeli zinazoamriwa na kompyuta, unafanya kazi kwa zaidi ya bar 2,000. Ili msukumo huo ushikike, nafasi kati ya chuma na chuma ndani ya pampu ni ndogo kiasi kwamba tone la maji au chembe ya uchafu isiyoonekana kwa macho inatosha kuikwangua. Na pampu ikikwanguka, vipande vya chuma vinasafiri hadi kwenye nozeli zote nne. Hapo hununui nozeli moja, unanunua mfumo mzima.

Dizeli ya kituo kikubwa cha mjini siiogopi. Naiogopa ile ya pipa, inayouzwa kwa ndoo na faneli pale mahali ambapo kituo cha karibu kiko saa nne mbele. Nimeshawahi kuweka dizeli ya namna hiyo njia ya kwenda Natron. Gari langu likakohoa, nikafungua koki chini ya chujio, nikachuruza maji karibu nusu glasi, nikapampu kwa mkono, nikawasha, nikaenda zangu. Kwa 2.8 nisingethubutu kuiweka kabisa. Kama safari zako zinategemea mapipa, kwa mfano Katavi au Mahale kwa njia ya nchi kavu, swali lako karibu limeshajibiwa.

Vumbi nalo. Nyanda za nyasi fupi za Serengeti ya kusini zimeundwa na majivu ya volkano, ndiyo maana vumbi lake ni laini kama unga wa sembe na linapita mahali ambapo mchanga wa kawaida haupiti. 1HZ ikipumua vumbi hilo kidogo inachakaa taratibu. 1GD ina sensa ya kupima hewa inayoingia na mapezi ya tabo yanayozunguka kwa kasi kubwa mno. Vumbi likikaa kwenye sensa, kompyuta inadanganywa kuhusu hewa iliyopo, na gari linapunguza nguvu lenyewe. Likipita kwenye mapezi, yanalika. Rafiki yangu anafungua chujio la hewa kila jioni anapokuwa Ndutu wakati wa kiangazi. Kila jioni. Mimi langu nalikung'uta mara moja kwa wiki na halijanidai zaidi.

Halafu kuna kichujio cha moshi, kile chungu cha chuma kilichofungwa kwenye bomba la ekzosi kukusanya masizi. Nchi zenye sheria kali za hewa zinakitaka. Kinajisafisha kwa kuyachoma masizi, na ili yaungue kinahitaji joto linalotokana na mwendo mrefu wa kasi. Sasa fikiria kazi yetu: kilomita 20 kwa saa, unasimama dakika 40 umemkuta chui juu ya mgunga, injini inanguruma taratibu kwa sababu mgeni ana joto na anataka kiyoyozi, unasogea mita 200, unasimama tena. Huwezi kubuni kazi mbaya zaidi kwa kichujio hicho. Australia, ambako injini hii ya 2.8 imetumika kwa wingi, mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho iliamua kuwa mfumo wa kichujio kwenye Hilux, Fortuner na Prado za dizeli zilizouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020 ulikuwa na kasoro. Magari ya sasa yamerekebishwa, lakini kanuni ya joto na mwendo haijabadilika. Na kikiwa kinajichoma, ekzosi inakuwa moto sana, jambo la kukumbuka unapoegesha juu ya nyasi kavu mwezi wa Septemba.

Habari njema ni kwamba matoleo mengi yanayotengenezwa kwa masoko ya Afrika hayana kichujio hicho. Hatari iko kwenye gari lililoletwa kutoka kwingine na dalali asiyejua, au anayejua asiyesema. Usiulize. Ingia chini uangalie.

Ubongo

Fundi wangu yuko mtaa wa Unga Limited, hapa Arusha, na amenizidi miaka 20 hivi. Nilimpelekea gari la rafiki yangu aliangalie tu, akazunguka mara mbili, akafungua boneti, akaifunga.

"Zuri," akasema. "Ila mdogo wangu, hili likikuzimikia porini usinipigie mimi kwanza."

"Nimpigie nani, Mzee?"

"Mwenye mashine ya kulisoma. Akishaniambia linaumwa nini, mimi nitalitibu."

Amelisema vizuri kuliko nitakavyoweza. 1HZ ikishawaka, inahitaji waya mmoja tu ili iendelee kuwaka, ule wa kizuizi cha dizeli kwenye pampu. Kila kitu kingine ni chuma kinachosukuma chuma. Ikizima unajua ni dizeli, hewa au joto, na vyote vitatu unavitafuta kwa macho, pua na mikono. Nimewahi kubadilisha pampu ya maji Seronera kwa kuazima spana ya dereva wa kampuni nyingine, na pampu yenyewe iliazimwa kwa dereva wa tatu. Hiyo ni faida isiyoandikwa popote: nusu ya mikonga unayopishana nayo mbugani ina vipuri vinavyoingia kwenye gari lako.

Gari jipya likihisi hitilafu linajilinda kwa kupunguza nguvu. Ni jambo la busara, limeokoa injini nyingi. Lakini sensa ya shilingi chache ikikosea, gari zima lenye afya linatambaa. Dawa yake ni kubeba mashine ndogo ya kusoma hitilafu, zile zinazounganishwa na simu, na dereva kufundishwa kuitumia. Rafiki yangu anayo kwenye droo ya mbele. Siku ya tano taa ya injini iliwaka tukiwa Ndutu, tukasoma, tukakuta ni ya hewa inayoingia, tukasafisha sensa kwa dawa yake, tukafuta, ikazima. Dakika 25. Bila kile kidude tungelala na wasiwasi usiku mzima.

Gia otomatiki: sikuitarajia, nimeipenda. Kwenye tope haikatishi msukumo unapobadili gia, na hapo ndipo magari ya gia za mkono hunasa, pale dereva anapokanyaga klachi na gari kupoteza mwendo. Klachi nayo ni gharama kwa wenye madereva wengi, kila mmoja na mguu wake. Hasara yake ni moja, kubwa: gari la otomatiki halisukumwi likawaka. Betri ikifa kijijini Engare Sero, langu naliachia mteremkoni likashtuka. Kwa lile, beba nyaya za kuchangia betri na usiegeshe peke yako. Toleo la 2.8 la gia tano za mkono lipo, lenye mvuto uliopunguzwa kufikia Nm 450. Kama ningenunua kwa ajili ya pori la mbali, ningelitafuta hilo.

Kuhusu mkanda wa taimingi. 1HZ inao, na taa ya T-BELT kwenye dashibodi inawaka kukukumbusha kwenye kilomita 100,000. Ukipuuza ukakatika, vali zinagonga pistoni. 1GD inatumia mnyororo, hakuna miadi ya namna hiyo. Pointi kwa jipya, japo mkanda ni kazi ya siku moja.

Kurefusha

Wenye kampuni nyingi za Arusha hawanunui mkonga wautumie ulivyo. Unakatwa, chesisi inaongezwa, viti viwili au vitatu vinaingia, paa la kufungua linapanda. Mafundi wetu wamefanya hivi kwa HZJ miaka mingi, wanajua pa kukata na pa kuongeza bamba. Kwa GDJ kazi ya chuma ni ileile, lakini kuna mashada ya nyaya yanayopita kwenye chesisi yanayohitaji kurefushwa bila kuharibu mawasiliano, na mfumo wa kuzuia kuserereka ulipimwa kwa gari lenye mita 2.98 kati ya eksili na eksili. Ukiongeza nusu mita, kompyuta inaendelea kuamini hesabu ya mwanzo. Kabla ya kukata, mwombe fundi akuonyeshe GDJ aliyokwisha kuirefusha na uzungumze na mwenye gari. Akikosa ya kukuonyesha, lako ndilo litakuwa darasa lake.

Pesa

Mke wangu alitaka namba, nikampa hizi. Mkonga wangu uliojaa unakula lita 14 hivi kwa kilomita 100. GDJ ya rafiki yangu, ikiwa imebebeshwa karibu na uzito wetu ingawa haikurefushwa, ilikula 11. Australia imesajiliwa kwa lita 9.6, lakini huo ni mwendo wa maabara. Tofauti ya lita 3 kwa kila kilomita 100, kwa kilomita 40,000 za mwaka ni lita 1,200. Ukiweka lita kwa shilingi 2,800, ni shilingi 3,360,000 kwa mwaka. Ni pesa, ila kwa bei ya gari jipya, dizeli peke yake hailipi tofauti hata kwa miaka 10. Anayekuuzia kwa hoja ya kubana mafuta, mwombe kikokotoo.

Kwa upande mwingine, kulifufua la zamani si bure. Hedi orijino, pistoni na ringi, nozeli pampu kupimwa upya, rejeta, mabamba ya nyuma, bushi zote, na chesisi kuchomelewa na kupakwa dawa ya kutu. Kwenye hedi usidanganyike na spea za bei rahisi, nimeshazijaribu na zilidumu msimu mmoja.

Na ukisema utauza lako ununue HZJ nyingine iliyo nzima zaidi, ujue haya. Japani iliacha kuuza 1HZ kwenye soko lake la ndani mwaka 2004, kwa hiyo ya kutoka huko sasa ina zaidi ya miaka 20, na hapa Tanzania gari lililozidi miaka 10 linaongezewa ushuru wa uchakavu. Zinazobaki ni za miradi, mashirika na misheni zinazouzwa kwa mnada. Nyingi ni nzuri, zimetunzwa kwa daftari. Lakini ziliingia kwa msamaha wa kodi, na msamaha hauhami na gari. Hakikisha kodi imelipwa na umeona karatasi kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba.

1HZ mpya bado zipo pia. Toyota inaendelea kuifunga injini hiyo kwenye magari ya mashirika ya misaada na kwenye baadhi ya masoko ya Afrika, Afrika Kusini ikiwemo. Mtu mwenye uwezo wa kununua jipya na anayefanya kazi mbali na mji asione aibu kuulizia la 4.2.

Nani achukue lipi

Kama wageni wako wanatua uwanja wa ndege wa KIA, wanalala Karatu, wanashuka kreta na kwenda Seronera, dizeli unaweka vituo vya mjini, na una dereva mmoja au wawili waaminifu kwa ratiba ya matengenezo, chukua 2.8 otomatiki isiyo na kichujio cha moshi. Usalama wa kwenye lami peke yake unatosha kuwa sababu. Lakini weka sheria tangu siku ya kwanza: chujio la hewa kila jioni ya vumbi, chujio la dizeli mapema kuliko kitabu kinavyosema, hakuna dizeli ya pipa, na mashine ya kusoma hitilafu haitoki ndani ya gari. La zamani linamsamehe mwenye gari aliyesahau wiki mbili. Jipya halisahau.

Kama unazungusha madereva kila msimu, au kambi zako ziko Natron, Katavi, Mahale, au unabeba dawa na chanjo hadi vijijini ambako fundi wa karibu anatengeneza pikipiki, baki na 1HZ, lifufue vizuri, na ulipunguze mzigo.

Na kama chesisi ya zamani imeoza kweli, siyo kutu ya juu bali nyundo ikigonga inazama, usitumie pesa yako kwenye injini. Penzi lina mahali pake, nami nalijua, lakini chesisi ikikatika kwenye rasta za Naabi haitauliza umelipenda gari kiasi gani.

Nyundo ya fundi haikuzama kwenye langu. Kutu ilikuwa ya juu. Hedi orijino imeagizwa, chesisi inachomelewa pale springi zinaposhikwa wiki ijayo, na kuanzia msimu wa Juni mkonga wangu utafanya kazi ya Natron na kambi za Ndutu tu, wageni watano badala ya saba. Safari za Karatu na kreta tutakodi GDJ ya rafiki yangu kwa siku, na mke wangu ameanza kuandika ukurasa wake kwenye daftari: lita, vipuri, siku za kulala gereji. Msimu ukiisha mwezi Oktoba, kurasa hizo mbili zitakaa mezani pamoja, na hapo ndipo tutajua kama tunanunua la kwetu.